Mombasa mpaka Malindi mdogo mdogo: tulikokula raha na tulikopigwa

Nianze na uamuzi wangu kabisa kwa wale hawapendi kusoma sana. Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, matatu inakufikisha kwa saa mbili na kitu kama barabara iko wazi, na ukienda hivo hujaona chochote. Lakini ukiivuta ikawa safari ya siku kadhaa, unasimama unapotaka, unalala njiani, na unakula kilichotoka baharini siku hio sio kilichoandikwa kwa menyu, basi mimi sijaona matembezi mengine hapa kwetu pwani ya kushindana nayo kwa pesa ile ile. Naipa nyota nne na nusu. Ile nusu iliyopotea ina wenyewe, ntawafikia.

Tulienda mimi, dadangu mdogo na shangazi yetu, pamoja na dereva. Shangazi ndo muhimu hapa manake kapika kwa maharusi ya watu Kisauni na Majengo tangu mi sijazaliwa, na ukimwekea sahani mbele haanzi kula, anaiangalia kwanza kama anayesoma barua ya deni. Kwa hivo kwa upande wa chakula, maksi nyingi ni zake, mi naandika tu.

Gari. Tulikodi kwa jamaa wa magari, jina silitaji. Kwa simu tuliambiwa gari la viti saba, safi, AC inafanya kazi. Likaja la viti saba kweli, na AC inapuliza hewa ya moto. Eti "itashika tukianza kutembea". Tumetembea mpaka Mtwapa haijashika, tumefika Kilifi haijashika, na nikimpigia mwenyewe anasema yuko kwa mkutano. Kupunguziwa hela, hakuna. Ushauri wangu, usitume M-Pesa yote kabla hujalikalia gari na kuliwasha, tuma nusu, ingine ukishaona. Dereva waliyetupa lakini alikua mtu na nusu, kijana wa Matsangoni, hakimbii, hachoki kusimama, na kila mahali anajua mtu. Dereva nyota tano, ofisi yake mbili na hizo mbili ni kwa sababu matairi yalikua mapya.

Kutoka Mombasa ondoka alfajiri, saa kumi na mbili uwe ushavuka daraja la Nyali. Sababu ni Mtwapa. Hii barabara inapanuliwa kutoka Mombasa kuelekea Kilifi, na mahali pa ujenzi kuna malori, kuna tuktuk zinazopita pembeni kwa vumbi, kuna kila kitu, ukichelewa utakaa hapo mpaka mtoto aombe choo mara tatu. Sisi tulipita mapema tukanywa chai kwa kibanda cha pembeni, mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yalikua na iliki ya kutosha, yamefura, ndani matupu kama inavyotakiwa. Mbaazi shangazi alisema tui limetiwa maji. Mi nlikula yote.

Baada ya hapo ni mashamba ya mkonge ya Vipingo, mistari kwa mistari, na mibuyu imesimama katikati huko hakuna aliyeithubutu. Pazuri kupita, si pa kusimama.

Kilifi ndo simama ya kwanza ya maana. Kabla ya 1991 hapa hakukua na daraja, ilikua ni feri, na shangazi anakumbuka foleni yake, watu na magunia na mbuzi wote wanangoja kuvuka. Daraja lilipokuja watu wakaacha kusimama. Sa hii wanapita juu, wanatoa simu dirishani, wanapiga picha ya maji, wanaenda zao. We shuka. Upande wa kusini wa daraja kuna magofu ya Mnarani, misikiti ya zamani na makaburi yenye minara, na ngazi za kuteremka mpaka majini, watu wachache mno, tulikua karibu peke yetu. Alafu vuka daraja, nenda kule chini wanakoita Old Ferry, ukale.

Hapo tulikula pweza. Tulifika kama saa sita, na siku zile zilikua za bamvua, maji yalikupwa sana asubuhi hio na vijana walikua wametoka miambani. Kulikua na mama mmoja na sufuria yake na meko ya makaa.

"Mwanangu, pweza huyu wa lini?" shangazi akamuuliza.

"Wa sa hii, mama. Hajamaliza hata saa mbili kutoka majini. Nimempiga mwenyewe, tazama mkono."

Na kweli mkono ulikua mwekundu. Pweza asipopigwa vizuri atakutafunisha mpaka magharibi. Huyu alikua laini lakini bado ana ukinzani kidogo kwa jino, supu ina ndimu na pilipili manga na basi, hakuna ufundi wa uongo. Tukaongeza viazi karai na chatini ya ukwaju. Bei ilikua ndogo mpaka dadangu akauliza tena akidhani mama kakosea hesabu. Shangazi aliomba supu ya pili. Kwa wanaomjua hio ni kama cheti.

Pale stendi ya Kilifi utauziwa korosho kwa dirisha. Zionje kwanza, kuna zilizochomwa jana na kuna zilizochomwa mwezi uliopita na zote ziko kwa karatasi moja.

Kutoka Kilifi kwenda juu, Tezo, Ngerenya, Matsangoni, hapo dereva alisimama kwao tukapewa madafu na hakuna aliyetuuliza pesa. Ukipita Mida, mkono wa kushoto ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, ndo msitu mkubwa kabisa uliobaki wa aina yake pwani hii ya Afrika Mashariki. Kuna sengi mle mwenye makalio ya rangi ya dhahabu na kuna bundi mdogo, watu wanatoka Ulaya kuja kumtafuta usiku na tochi. Sisi hatukumuona yoyote kati ya hao. Ukienda mchana kweupe na watu wanaocheka kwa sauti hutaona kitu, ila mbu. Nenda alfajiri na mtembezaji wa pale pale au usiende.

Sasa Mida Creek, ile hori yenye mikoko. Hapa nataka kukaa kidogo.

Kuna kitu watu wa bara hawaambiwi na wanarudi wamenuna, ati "tuliambiwa kuna maji, tumekuta matope". Bahari yetu inajaa na kupwa, na siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti yake ni kubwa, inaweza kufika karibu mita nne. Siku hizo maji hukauka kama saa nne saa tano asubuhi, na hujaa jioni kama saa kumi. Kila siku inasogea mbele karibu saa nzima. Kwa hivo kama wataka kutembea miambani au kwenda na boti kuona matumbawe, nenda wakati wa kupwa. Kama wataka Mida, panga ufike jioni ya bamvua. Muulize mvuvi yoyote, atakwambia saa bila kuangalia simu.

Tulifika Dabaso jioni, kwa Crab Shack, ile ya kikundi cha wanakijiji wanaohifadhi mikoko na kufuga kaa. Unapita juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, chini maji yanaingia polepole kwa mizizi, na unatokea kwa banda la makuti limesimama juu ya maji. Sambusa za kaa ndo jina lao na ni haki yao. Manda ni nyembamba, imekauka, haijanywa mafuta, na ndani ni nyama ya kaa, sio kitunguu kilichopitishwa karibu na kaa. Dadangu aliagiza kaa mzima wa tangawizi na thomu. Kaa wa matope wana makucha mazito, unapewa jiwe na ubao uvunje mwenyewe, na mchuzi unakufika mpaka kwa viwiko. Usivae nguo nyeupe. Nalalamika kitu kimoja tu, chakula kinachukua muda sana, tuliagiza jua liko juu tukala taa zimewashwa. Dereva alisema dawa yake ni kupiga simu kuagiza kabla, na akaniambia hivo baada ya kula, Mungu anamuona. Lakini pahali penyewe hapachoshi kungoja, ndege wanarudi kulala kwa mikoko, mtumbwi unapita. Nyota tano, ningekua na sita ningempa aliyekunja zile sambusa.

Watamu tulilala. Fukwe za Watamu sina neno, mchanga mweupe, maji rangi ya chupa, na ile hifadhi ya bahari ni ya 1968 pamoja na ya Malindi, kati ya za mwanzo kabisa Afrika. Shida ni ulaji. Tulienda mahali pazuri kwa macho, mbele ya bahari, mishumaa, muziki wa taratibu, jina siliweki. Menyu kurasa nane. Shangazi akanong'ona, mahali penye kurasa nane hakuna samaki wa leo. Tukaagiza kamba mawe wa kuchoma kugawana, bei yake ningenunua gunia la mchele nikarudi na chenji. Akaletwa kapambwa majani na ndimu zimekatwa maua. Shangazi akamgeuza kwa uma.

"Huyu mkia wake umelala tambarare," akasema. "Kamba akiingia motoni mzima mkia hujikunja. Huyu kafa zamani, kazikwa kwa friji, leo kafufuliwa."

Akaonja. Nyama ilikua ya unga, inamomonyoka, haina utamu wa bahari. Tulipomuita kijana wa kuhudumu, maskini hakua na kosa, akatwambia kwa sauti ya chini kua ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ilikua mbaya wiki ile, wavuvi wa kamba hawakutoka. Sasa si mngesema! Mngesema leo hakuna kamba kuna changu, tungekula changu tukafurahi. Kwa hivo hapo ndo ilipoenda nusu ya ile nusu nyota, ingine ni ya mwenye AC.

Na kanuni tuliyoishika kutoka hapo: usiulize "mna nini", utapewa menyu. Uliza "leo kumetoka nini". Anayejibu haraka kwa majina ya samaki, kaa chini ule. Anayesema "kila kitu kipo", chukua mkoba.

Gede ilikua asubuhi iliyofuata. Nlishawahi kwenda na shule kama kila mtoto wa pwani, na ukubwani nimeona mji mwingine kabisa. Mji wa Waswahili, mawe ya matumbawe, msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo vya ndani, na kuna kaburi limeandikwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni 1399. Ukachimbwa na mwanaakiolojia James Kirkman na wenzake kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza kwa orodha ya urithi wa dunia. Watu waliuhama mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, na sababu zinatajwa nyingi, vita, wavamizi, maji kushuka visimani. Angalia visima vyenyewe utaona kimoja kimechimbwa kwenda chini zaidi, inakufanya uwaze. Mibuyu na mikuyu imekalia kuta, mizizi imeteremka kama imeshikilia zisianguke. Kima ni wengi na hawana haya, walifungua mkoba wa dadangu wakachukua biskuti na kuacha kitabu. Mtembezaji alikua mzuri, hana haraka, na hakututisha na hadithi za majini mpaka tulipomuuliza wenyewe, ndo akafunguka.

Kulipa ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, hawashiki noti mlangoni, kwa hivo hakikisha simu ina chaji na bando. Mbele yetu kulikua na familia nzima imekwama kwa sababu ya netiwaki, baba anazunguka uwanjani ameinua simu juu. Pale pale getini kuna Kipepeo, mradi wa tangu 1993, wanakijiji wa kando ya msitu wanafuga vipepeo na kuuza mabuu yake yaliyojifunga nje ya nchi, na hivo msitu unakua na faida ukiwa umesimama. Ingia, ni dakika chache na watoto watapenda.

Malindi yenyewe. Kwanza ukweli usiopendwa: ukija wakati wa mvua usitegemee maji ya buluu. Mto Sabaki unaingia baharini hapo juu kidogo, unaleta udongo wote kutoka bara, na ghuba nzima inakua rangi ya chai ya maziwa. Wageni hununa. Lakini udongo huo huo, pamoja na ule wa Tana, ndo unaofanya ghuba ya Malindi na Ungwana iwe shamba kubwa la kamba wadogo hapa Kenya, kwa hivo mi siulalamikii. Anayetaka maji maangavu aje kaskazi ikitulia, Januari mpaka Machi, na hapo pia utapata embe ngowe, zile zenye kidevu, tamu za kuchafua shati.

Tulienda kwa wavuvi asubuhi, boti zimeingia, ndoo chini, kelele. Shangazi alikua kwao sasa. Akasimama kwa mzee mmoja mwenye kofia ya viua.

"Subalkheri ami. Leo kumetoka nini?"

"Aheri, bi mkubwa. Leo kumetoka kolekole, changu hawa, na tafi. Nguru yupo ila ni wa jana, sikudanganyi."

Basi hapo hapo akapendwa. Shangazi akafungua shavu la changu kwa kidole, ndani nyekundu mbichi, jicho limetuna na linang'aa, akabonyeza mgongo na nyama ikarudi. Akachukua changu wakubwa na tafi kadhaa. Tafi wale shikeni kwa adabu, miiba yao ina sumu, ikikuchoma mkono unawaka mpaka jioni, mwache anayejua awapare.

Alafu tukawapeleka kwa mama lishe mitaa ya ndani ya mji wa kale, sio mbali na msikiti wa Juma wenye makaburi ya minara karibu na bahari. Mpango ni kwamba unakuja na samaki wako, unalipa kupikiwa na wali. Tulikaa kwa benchi tukitazama. Changu akapasuliwa mgongoni akafunguka kama kitabu, chumvi, ndimu, thomu na tangawizi iliyotwangwa, pilipili mbichi, akaachwa kidogo, akalazwa kwa chanja juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto. Pembeni tui zito la kwanza liko motoni na bizari na ukwaju, anakoroga bila kuacha lisikatike, mpaka likawa linashika mwiko. Ndo akaanza kupaka. Anapaka, anangoja likauke lifanye ngozi, anageuza, anapaka tena, na tui likidondokea makaa moshi unapanda na ule moshi wenyewe ndo unarudi kumpa samaki harufu. Anayekuletea samaki wa kuchoma akammwagia mchuzi wa nazi juu mezani kakuibia, hio si kupaka.

Wali wa nazi, kachumbari, achari ya embe, na tafi wamekaangwa wakauka mpaka mapezi unayatafuna. Hakuna aliyezungumza. Shangazi alipomaliza aliuliza kama nazi imekunwa kwa mbuzi au kwa mashine. Kwa mbuzi. Akatikisa kichwa kukubali, akanawa mikono, akaingia jikoni kwa yule mama bila kualikwa na wakakaa huko karibu saa nzima, mi sijui walizungumza nini. Nyota tano bila mjadala, na kwa jumla samaki, kupikiwa na wali wa watu wanne, tulilipa chini ya yule kamba maiti wa Watamu.

Nguzo ya Vasco da Gama ni ya kwenda jioni kwa ajili ya upepo na mawimbi. Historia yenyewe kila mtu anaijua, mwaka 1498 Mombasa walimuonyesha kisogo, Malindi wakampokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, na sisi watu wa Mombasa hatujaacha kuwakumbusha. Ule msalaba juu ni wa jiwe walilokuja nalo kutoka Ureno. Kabla yake, Malindi ilishampelekea mfalme wa China twiga, 1415, na mi naona hio ndo ingepaswa kuwekewa mnara. Pale nguzoni unaona kila kitu kwa dakika kumi, wauza mikufu wanakufuata kidogo lakini si wabaya, ukisema "hapana ndugu yangu" kwa upole wanakuacha. Njiani kuna kanisa dogo la Wareno limeezekwa makuti, limefungwa mara nyingi.

Kitu cha kuchekesha Malindi ni Kiitaliano. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, basi mpaka mwenye tuktuk anakuanza na "ciao". Shangazi aliambiwa "ciao mama" akajibu "waalaikum salaam". Faida yake ni aiskrimu, pale barabara ya Lamu kuna za Kiitaliano za kweli, ya embe ilikua embe tupu. Pizza sikuonja, sikwenda Malindi kula pizza. Usiku kahawa chungu na halua kwa barazani, bei ya chenji iliyobaki mfukoni.

Kaskazini ya hapo, ukivuka daraja la Sabaki, usiache Mambrui. Mji mdogo wa zamani, kimya, una kaburi la mnara lililopachikwa sahani za kichina, na ufuo ambao mchanga wake unametameta. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale walipata hapo sarafu ya shaba ya mfalme Yongle wa China. Vaa kwa heshima, ni mji wa watu wanaoswali, tulipokelewa vizuri sana. Kule mbele Ngomeni unaona minara ya Waitaliano baharini, ndo walikorushia satelaiti, mojawapo ikaitwa Uhuru kwa kua ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya.

Marafa, kwenye korongo, ni kwa gari, barabara ya vumbi sehemu, na nenda saa tisa saa kumi alasiri, sio mchana, chini mle hakuna kivuli na joto linapanda kutoka ardhini. Wenyeji wanapaita Nyari. Korongo limemomonyoka na mvua, kuta nyekundu, za manjano, nyeupe, na jua likiinama zinawaka. Mtembezaji wa kikundi cha kijiji atakupa hadithi ya tajiri aliyeogea maziwa mpaka Mungu akamzamisha na ng'ombe wake. Beba maji, viatu vya kufunga, na shangazi mwache juu kwa kivuli, wetu alitutazama tukishuka akasema "mkianguka msiniite".

Kurudi usirudi Jumapili jioni, foleni ya Mtwapa itakumeza. Na kama wataka samaki wa nyumbani, nunua asubuhi ya kuondoka, wapasue na kuwatoa matumbo hapo hapo, barafu chini na juu, ndoo yenye mfuniko. Sisi tulibeba kolekole wawili na kamba kilo mbili, ndoo ikakaa kwa kiti cha nyuma katikati ya shangazi na dadangu, na kwa sababu ya ile AC barafu ilikua imeisha Vipingo. Kamba tuliwapika usiku huo huo, kolekole majirani waliwasikia harufu wakaja wenyewe.